Kabla Hujavaa Fulana ya Mtia Nia

Kwa Katiba ilivyo sasa, Rais Samia Suluhu Hassan hawezi kugombea tena mwaka 2030. Maana yake Chama Cha Mapinduzi kitatafuta mgombea mpya, na harakati za chini kwa chini huwa hazingoji mwaka wa uchaguzi. Mara ya mwisho nafasi hiyo ilipokuwa wazi, mwaka 2015, makada 42 walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Nyuma ya kila mmoja walikuwapo watu wa kumbeba: vijana wa kupanda mabasi ya usiku, wastaafu wa kumfungulia milango mikoani, wafanyabiashara wa kutoa magari, na wengine ambao hawakuwahi kuigusa shughuli kama hiyo maishani.

Kama na wewe unafikiria kumbeba mtia nia kwa mara ya kwanza, iwe CCM au chama kingine, makala haya ni yako. Sitakuambia umuunge mkono nani. Nitakueleza namna ya kumfaa mtu wako bila kujipotezea kazi, fedha na heshima. Ukisahau mengine yote, hili libaki: uteuzi huamuliwa na vikao. Kila saa yako na kila shilingi yako iulizwe swali moja. Je, inamsogeza mtu wako kwenye kikao kinachofuata, au inawachangamsha tu mashabiki wake?

Mjue anayepiga kura

Katika uchaguzi mkuu unawaomba kura mamilioni ya Watanzania. Katika uteuzi wa CCM mpiga kura wa mwisho ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa, na hao ni watu wa kuhesabika. Julai 2015 pale Dodoma, John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Zijumlishe, hazifiki 2,500. Watu hao wanajulikana kwa majina, kwa wilaya na kwa nyadhifa zao, na wengi walipata nafasi hizo kwenye uchaguzi wa ndani wa chama wa mwaka 2012. Aliyeanza kuwatafuta mwaka 2015 alikuwa ameshachelewa.

Kabla jina halijawafikia wajumbe hao, lina mchujo wa kupita. Kamati Kuu huyapunguza majina hadi matano, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa hubakiza matatu. Mwaka 2015 Kamati Kuu ilirudisha majina ya Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikawakata Membe na Makamba. Kwa hesabu hiyo, watu 35 kati ya 38 walitolewa kabla mjumbe yeyote wa Mkutano Mkuu hajashika karatasi ya kura.

Hapo ndipo ilipozama safari ya Edward Lowassa. Alitangaza nia Mei 2015 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, mbele ya umati mkubwa. Alipozunguka mikoani, wanachama walijipanga kumdhamini, na magazeti yakawa na neno moja kwa hali hiyo: mafuriko. Jina lake halikuwamo katika yale matano. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi huo, lakini vikao viliendelea na ratiba yake kama ilivyopangwa. Umati uliojaa uwanjani haukuwa na kiti ndani ya chumba cha mkutano.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kusoma. Nenda ofisi ya chama, tafuta katiba ya chama na kanuni za uteuzi wa wagombea, uzisome hadi uweze kumweleza mtu mwingine hatua kwa hatua: nani hukaa kikao kipi, hukaa lini, hupokea majina mangapi na huyatoa mangapi. Vyama vinatofautiana. Chadema jina hupitia Baraza Kuu kabla ya Mkutano Mkuu, na kwa njia hiyo Tundu Lissu aliwashinda Lazaro Nyalandu na Mayrose Majinge Agosti 2020. Kuna pia miaka ambayo mlango haufunguliwi kabisa. Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulipitisha azimio la kumteua Rais Samia miezi mingi kabla ya uchaguzi, na aliyekuwa akisubiri fomu za ushindani hakuziona. Ukijua mapema kama kuna mashindano au hakuna, utajiokolea mengi.

Mchunguze mtu kabla ya kuingia kambini

Wengi huingia kambini kwa kushikwa mkono na rafiki, au kwa kuwa mtia nia anatoka mkoa wao. Sababu hizo zinaweza kukufikisha mlangoni, lakini zisikuingize ndani. Anza na sifa za kikatiba. Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Kisha angalia rekodi yake ndani ya chama. Februari 2014 CCM iliwapa adhabu makada sita, wakiwamo mawaziri wakuu wawili wa zamani, kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Kada mwenye doa la kimaadili huingia kwenye mchujo akiwa na kazi mara mbili, na wewe unayembeba utaibeba nayo.

Baada ya hapo muulize mwenyewe, au mtu wake wa karibu, maswali matatu. La kwanza: akipata, atafanya jambo gani ambalo wenzake hawatalifanya? Kama jibu ni "maendeleo kwa wote", bado hana jibu. La pili: nani anagharimia safari hii? Fedha isiyotajwa mwenyewe leo itakuja kudai malipo kesho, na wewe utakuwa miongoni mwa wanaodaiwa. La tatu ndilo zito: akikatwa, atafanya nini? Atamuunga mkono aliyepita, atakaa kimya, au atahama chama? Lowassa alihamia Chadema Julai 28, 2015, akagombea urais Oktoba na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Mwaka 2019 alirejea CCM. Kila hatua hiyo iliwalazimisha watu waliokuwa nyuma yake kuchagua upande, na walio wengi hawakuwahi kuulizwa mapema. Wewe uliza mapema, na ujue utakachofanya hata kama jibu lake litabadilika.

Kadi yako, ajira yako

Kumsemea mtia nia wakati kadi yako ya uanachama imelala bila ada ni kumtia aibu. Lipa ada, hifadhi risiti, hakikisha jina lako limo kwenye rejesta ya tawi. Katibu wa tawi akikujua kwa sura na kwa kazi, nusu ya milango imeshafunguka.

Halafu tazama ajira yako. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, na humo wamo polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kama wewe ni mmoja wao, makala haya yanaishia hapa kwako. Mtumishi wa umma wa kawaida anaweza kuwa mwanachama, lakini siasa saa za kazi, ofisini au ndani ya gari la serikali ni kosa. Aliye sekta binafsi naye asome mkataba wake, na amweleze mwajiri mapema kuliko mwajiri kumwona kwenye picha akiwa na kofia ya kambi siku aliyoomba ruhusa ya ugonjwa.

Kazi za kweli ni zipi

Mtu mgeni kambini hupenda kupewa cheo: mratibu wa kanda, mkurugenzi wa hamasa. Usivizie vyeo. Omba kazi yenye mwanzo na mwisho, inayoweza kukaguliwa. Ziko tatu ambazo kila kambi inazihitaji, na wanaozifanya vizuri ni wachache.

Ya kwanza ni wadhamini. Mwaka 2015 mtia nia wa CCM alilipia fomu shilingi milioni moja na kutakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ikiwa ya Zanzibar. Yaani 30 kila mkoa. Idadi inaonekana ndogo mpaka ukae kwenye meza yenyewe. Watu wamefika ofisi ya wilaya tangu asubuhi, wamejipanga, wengine wametembea. Mmoja amesahau kadi nyumbani na anataja namba kwa kukisia. Mwingine jina la kwenye kadi ni Mwanahamisi, yeye anaandika Mwana. Wa tatu ametia saini kwenye mstari wa mwenzake, sasa mistari miwili imeharibika. Katibu wa wilaya anafungua rejesta, analinganisha jina kwa jina, na hana haraka. Hapo hotuba ya mtia nia haina msaada. Anayemwokoa ni kijana aliyewapigia watu simu jana yake kuwakumbusha waje na kadi, aliyeita watu 45 pale palipohitajika 30, aliyekuja na kalamu za akiba, na aliyesoma kila mstari kabla fomu haijafungwa. Ukiifanya kazi hiyo bila kasoro katika wilaya moja, utaitwa katika wilaya ya pili.

Uliza mapema kanuni za mwaka huo zinasemaje kuhusu mwanachama kudhamini zaidi ya mtia nia mmoja. Usichukue jibu la mtu wa kambini, chukua la katibu, na ikiwezekana likiwa kwenye waraka.

Ya pili ni orodha ya wajumbe. Tengeneza daftari la wajumbe wa mkoa wako peke yake, usijaribu nchi nzima. Andika jina, wilaya, wadhifa, nani anaheshimika kwake, na jambo linalomgusa: bei ya korosho, maji, mgogoro wa mipaka ya hifadhi, mikopo ya wanafunzi. Kisha umsikilize kabla ya kumwomba. Mjumbe wa Mkutano Mkuu ni mtu mzima mwenye hesabu zake, ameona watia nia wengi wakija na wakiondoka. Mwite mzee, mama au ndugu katibu kama anavyostahili, kaa, nywa chai, uliza habari za nyumbani, na umwache azungumze. Ukitoka, andika alichosema na usichanganye na ulichotamani aseme. Mjumbe akikuambia "tupo pamoja", andika "ana heshima". Akikuuliza ratiba ya mtia nia na kupendekeza nani mwingine aonwe, huyo ndiye uandike "anaelekea kwetu". Kambi nyingi huhesabu heshima kuwa kura, zikashangaa siku ya matokeo.

Ya tatu ni usafiri na muda. Mtia nia anayefika Songea saa nne baada ya wakati aliowaahidi wazee amepoteza zaidi ya alichopata kwa kufika. Anayejua barabara ipi imeharibika kwa mvua, boti ya Pemba inaondoka saa ngapi, na kikao cha wilaya kimeahirishwa au la, ana thamani kuliko waimbaji kumi. Kazi hii haina picha nzuri ya kupiga. Ifanye hata hivyo.

Fedha

Fedha ndiyo huwaharibu wageni wengi, na huanza kidogokidogo. Unapewa nauli ya kuwafikisha wadhamini. Kiongozi mmoja anaomba "ya maji". Mwingine anauliza kama mzee ameacha bahasha. Siku ya tatu unashika fedha ambazo hujui zimetoka wapi na huwezi kueleza zimekwenda wapi.

Sheria haina utani na jambo hili. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilifuta kipengele cha takrima kilichokuwa kikiruhusu wagombea kukirimu wapiga kura. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 haikuishia kwenye uchaguzi mkuu, inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. TAKUKURU nao wana sheria yao ya mwaka 2007. Kumpa mjumbe fedha ili ampende mtu wako ni rushwa, iitwe posho, iitwe mkono wa kheri au iitwe sabuni ya watoto. Na anayekamatwa mara nyingi ni aliyeshika bahasha, yaani wewe, huku aliyeituma akiwa Dar es Salaam na simu imezimwa.

Jiwekee kanuni chache na uzitaje siku ya kwanza. Usipokee fedha bila kuandika tarehe, kiasi, aliyetoa na kazi yake. Lipa mafuta kituoni na nauli kwa mwenye basi, usigawe taslimu mkononi kwa mjumbe. Kila risiti ipige picha. Usikope wala usiweke rehani kiwanja au pikipiki kwa kutegemea kurudishiwa "mambo yakikaa sawa". Mtia nia akipita, wanaomdai ni wengi kuliko wewe, na akikatwa hutampata kwenye simu. Toa kile ambacho uko radhi kukipoteza, na uhesabu kuwa kimeshapotea. Mwenye kambi akikuona mgumu kwa sababu ya daftari lako, mwache akuone hivyo.

Ulimi na simu

Siku hizi kila kambi ina makundi ya WhatsApp, na kila kundi lina chawa wake: mtu ambaye kazi yake ni kusifu asubuhi na kutukana jioni. Usiwe mmoja wao, hata ukilipiwa vocha. Sababu ya kwanza ni ya kisheria, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na picha ya skrini haizeeki. Sababu ya pili ni ya hesabu za uteuzi wenyewe.

Rudi mwaka 1995. Mkutano Mkuu wa CCM ulikuwa na majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza lakini hakufika nusu. Msuya akatoka, kura zikapigwa tena, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Tofauti ilikuwa kura 47. Katika duru ya pili kura zilizoamua ni zile za waliokuwa kwa mtu wa tatu. Sasa jiulize mpambe aliyemkejeli mtu wa tatu wiki nzima angekwenda kuwaomba kura watu wake kwa uso gani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Msifu wako kwa aliyofanya, na mwenzake umtaje kwa heshima au usimtaje.

Jihadhari pia na siri za kambi. Ukimwambia binamu yako kwamba wajumbe wanane wa wilaya yenu wameshaahidi, kesho kambi nyingine itawatembelea hao wanane.

Siku jina likikatwa

Katika watia nia 38 wa mwaka 2015, 37 hawakupita. Uwezekano mkubwa ni kwamba wako naye atakatwa, basi jiandae kwa siku hiyo ukiwa bado na akili timamu. Usisafiri kwenda Dodoma kushangilia nje ya ukumbi kama huna kazi ya kufanya huko. Matokeo utayasikia redioni kama watu wengine, na nauli utabaki nayo.

Jina lisiporudi, fanya mambo manne ndani ya wiki moja. Funga hesabu na ukabidhi daftari kwa aliyekutuma. Washukuru wadhamini na wajumbe, kila mmoja kwa simu yake, hata waliokunyima. Toka kwenye makundi ya simu yaliyogeuka vilio na matusi. Kisha nenda ofisi ya tawi, uulize kuna kazi gani kwa aliyepita, au useme wazi kwamba unapumzika.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na historia ya chama inalionyesha hilo vizuri kuliko methali. Kikwete aliyekosa kwa kura 47 mwaka 1995 alimpongeza mwenzake, akaendelea na kazi serikalini, na Mei 2005 akarudi mbele ya Mkutano Mkuu dhidi ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Safari hiyo alipata kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Kenya nako Septemba 2007, katika ukumbi wa Kasarani, Raila Odinga aliwashinda Musalia Mudavadi na William Ruto katika uteuzi wa ODM. Mudavadi akawa mgombea mwenza wake, Ruto akabaki kwenye safu ya mbele ya kampeni, na miaka 15 baadaye akawa rais kwa chama kingine. Waliokuwa kambini mwa walioshindwa na wakajua kujizuia ulimi walikuwa bado na mahali pa kukaa.

Usisubiri 2030 ifike. Mwaka huu lipa ada yako, soma kanuni za chama chako, hudhuria vikao vya tawi mpaka katibu akujue, na ujue kwa majina wajumbe wanaotoka wilayani kwenu. Chama kitakapofungua fomu, watia nia ndio watakaokutafuta, na wewe utakuwa na haki ya kuwauliza yale maswali matatu kabla hujakubali kuvaa fulana ya yeyote.